Maji ya Mzazi

Damu ya Salha ilikuwa na dawa mara sita ya kipimo, na Salha hakuwa na homa. Nesi Kilango alisoma kioo cha mashine, akaipiga mashine kofi la ubavu kama redio mbovu, kisha akapima tena damu ileile. Majibu yakarudi vilevile.

"Dokta, huyu mdogo wako hana homa," alisema. "Joto lake ni la mtu mzima wa afya. Sasa nani kayafungua maganda?"

Dokta Mwatumu Semhina alimwinamia Salha. Alikuwa ameshika kifundo cha mkono wa Salha, ingawa bangili ya moyo ilikuwa ikirusha tarakimu zote ukutani. Alitaka kusikia mwenyewe. Moyo ulipiga, ukanyamaza kupita kiasi, ukapiga tena. Salha alikuwa amejifungua wiki iliyopita, mtoto wa kike mwenye sauti ya kudai haki zake, na mchana huu alianguka kwenye kizingiti cha chumba bakuli la uji likiwa mkononi. Jirani akamleta zahanati kwa pikipiki.

Watu wote wa bonde la Zigi waliyajua maganda, hata wasioweza kueleza ni kitu gani. Homa ya bonde ilikuwa imeshazizoea dawa zote za kumeza. Iliyobaki ilikuwa dawa moja tu, kali, inayochoma tumbo ukiimeza na kuharibika ndani ya damu kabla ya jua kuzama. Mwatumu na wenzake wa Taasisi ya Kinga wakaivisha nguo. Kila tone waliligawanya katika chembe ndogo mno, mamia yake yakaenea kwenye upana wa unywele mmoja, na kila chembe wakaifunika kwa ganda la mafuta. Ganda hilo lilikuwa na tabia ya samli: penye ubaridi limeganda, penye moto linayeyuka. Ukipigwa sindano, chembe hukaa chini ya ngozi hata miaka mitatu, kimya. Siku homa inapopanda, mafuta yanayeyuka na dawa inatoka kupambana nayo kabla mgonjwa hajaanza kutafuta blanketi. Makaburi ya watoto yalikuwa yamepungua bondeni kiasi kwamba wachimbaji walirudi kulima.

Lakini moto wa kuyeyusha maganda lazima utoke mahali, na Salha hakuwa na moto.

Mwatumu akafunua shuka. Akafungua mkaja, ule mshipi mpana wa kitambaa unaofungwa tumbo la mzazi, na harufu ya mwarobaini ikampiga usoni. Ngozi ya tumbo ilikuwa nyekundu, bado ina uvuguvugu.

"Salha. Leo umekandwa?"

"Asubuhi, Dada," Salha akajibu macho yakiwa nusu wazi. "Mama kasema maji ya jana yalikuwa ya kitoto."

Mwatumu aliogopa. Aliogopa hasa. Sindano ya miaka yote ilikuwa ya bega. Mwaka huu, kwa wajawazito, wao wenyewe waliihamishia tumboni, kwenye nyama laini, ili isiume. Walikuwa wameyajaribu maganda kwa waoka mikate, kwa wachoma mkaa, kwa vibarua wa mkonge wanaoshinda juani. Jopo zima la wasomi, wote wamezaliwa na mama zao, wote mama zao wamekandwa kwa maji yanayotoa moshi asubuhi na jioni mpaka arobaini, na hapakuwa na hata mmoja aliyeinua mkono akauliza. Mwatumu mwenyewe alikuwa amekandwa. Alipiga makelele nyumba nzima ikamcheka.

"Lete barafu," alisema. "Yote iliyoko chumba cha chanjo."

Nesi Kilango akabaki mdomo wazi. "Barafu? Kwa mzazi?"

"Ganda likishalegea halijifungi kwa joto la mwili. Lazima lipoe. Mlaze kwenye barafu, tumbo lote."

"Dokta, huyu ana wiki moja! Baridi ikimwingia mgongoni ..."

"Kilango, lete barafu."

Barafu ikaletwa. Nesi aliipanga huku akisoma dua kwa sauti ya chini, na Salha alipoguswa alitoa yowe lililowatoa wagonjwa wengine vitandani.

*

Mnara wa taasisi ulikuwa kilimani, na chini yake kulikuwa na vyumba viwili. Kimoja kilikuwa cha Redio Bonde. Cha pili kilikuwa na kabati la chuma lenye matundu mawili ya funguo. Mwatumu alipoingia cha pili, Mkurugenzi Shekalaghe alikuwa ameshageuza ufunguo wake, na taa moja ya manjano ilikuwa ikiwaka.

"Nimeona majibu ya mdogo wako," alisema. "Pole sana. Toa wako."

Lile kabati lilikuwa kufuli la bonde zima. Ndani ya mafuta ya kila ganda walitia vumbi la chuma, jembamba kuliko moshi, linaloisikia sauti ya mnara. Sauti ikitolewa, mafuta yanakakamaa na hayayeyuki tena, kwa homa wala kwa maji. Waliliweka kwa ajili ya siku ambayo mzigo mzima wa sindano ungekuja na kasoro. Halikuchagua mtu. Lingemfunga Salha, lingemfunga na mtoto wa shule aliyeko upande wa pili wa mto.

"Mvua zimeanza," Mwatumu akasema. "Tukiyafunga leo, hakuna mwenye kinga bonde zima. Sindano mpya ni za baada ya masika."

"Najua."

"Mzee, unakumbuka masika ya kabla ya maganda?"

"Nilizika wawili masika yale," Shekalaghe akasema. "Usinikumbushe mimi." Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoifanya kazi iwe ngumu. Akanyoosha kidole dirishani, kwenye mapaa ya bonde. "Wanawake waliopigwa sindano ya tumbo wameanza kujifungua mwezi huu. Wako wangapi majumbani sasa hivi, hatujui; wengine wamezalia kwa mama zao, wengine kwa wakwe. Jioni hii watakandwa wote. Homa ni ya kesho, Mwatumu. Maji ni ya leo."

"Tuwatangazie wasikandwe."

"Nani awatangazie? Mimi? Mwanamume asimame redioni awaambie bibi wa Kibondei wasimkande mzazi?" Alicheka, lakini cheko halikuwa na furaha. "Watasema wasomi wamerukwa na akili. Wataongeza kuni. Na wakituamini itakuwa mbaya zaidi, maana hakuna atakayeikubali tena sindano, ya bega wala ya tumbo. Geuza ufunguo. Tutasema dawa ilimaliza muda wake. Mdogo wako atapona, huyo na wenzake, na homa tutapambana nayo kwa vyandarua."

Mwatumu alikuwa ameushika ufunguo. Ulikuwa mdogo, wa kawaida, kama wa sanduku la nguo. Angeugeuza, na moyo wa Salha ungeacha kusitasita kabla hajashuka kilima. Alitamani sana kuugeuza. Alimwona Salha akiwa mdogo, anamfuata kisimani akivuta upindo wa kanga yake, na mkono ukamwenda wenyewe mpaka kwenye tundu.

Kisha akawaona watoto wawili wakubwa wa Salha, wenye maganda mabegani, na wenzao wa bonde zima.

"Nipe mpaka Magharibi," alisema, akauondoa mkono.

"Mzazi mmoja akifa kati ya sasa na Magharibi, utasemaje?"

Mwatumu akatoka na ufunguo wake.

*

Bonde zima lilipikia jua miaka ile. Kila nyumba ilikuwa na jiko la kioo juu ya paa, na kuni zilikuwa zimebaki kwa harusi, misiba na maji ya mzazi. Mwatumu aliuona moshi wa nyumbani kwao kutoka mbali. Alikuta mafiga matatu uani, sufuria la shughuli juu yake, na mama yake, Bi Mwanamvua, ameinama anachochea. Mtoto wa Salha alikuwa amefungwa mgongoni kwa kanga.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Anaendeleaje?" Bi Mwanamvua hakungoja jibu. "Kosa langu. Nimemwonea huruma. Analia, namwonea huruma, maji yanapoa mkononi. Mzazi asipokandwa vizuri damu inamganda, anaanguka hivyohivyo. Leo jioni nakuja nayo hukohuko zahanati. Nimetia majani mara mbili."

Maji yalikuwa yakitokota. Mwatumu akayatazama, akatazama mikono ya mama yake, myekundu viganjani, migumu. Mikono hiyo ilikuwa imekanda nusu ya bonde, na nusu ya pili ilikandwa na wanawake aliowafundisha yeye. Palikuwa hakuna mtu mwingine ambaye neno lake lingeteremsha masufuria. Mkurugenzi hakulijua hilo. Mwatumu alilijua tangu alipokuwa anashuka kilima, na njia nzima alikuwa anatafuta namna ya kulisema bila kumuua mama yake akiwa wima.

"Mama, kaa kwanza."

"Nikae, moto nimwachie nani?"

"Ndio hayo maji, Mama. Maji ndiyo yaliyomwangusha."

Bi Mwanamvua akanyooka taratibu. Mwatumu akaeleza, akiharakisha, maneno yakigongana: samli, ganda, sindano ya tumbo, moto wa maji unaoingia chini ya ngozi na kuyeyusha kwa mara moja dawa ya miaka mitatu. Akasema moyo wa Salha unasita. Akasema yuko kwenye barafu.

"Kwenye barafu," mama akarudia. "Mzazi wangu."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Si wewe, Mama. Ni sisi. Sisi ndio tulioi..."

"Nyamaza kwanza." Bi Mwanamvua aliitazama mikono yake, akaificha chini ya kanga kana kwamba ina uchafu. Mtoto mgongoni akaanza kulia, akamtikisa bila kufikiri. "Wewe nilikukanda mimi. Humo chumbani, kwenye kigoda kile. Ulinitukana, nikakusamehe kwa sababu ya uchungu. Arobaini nzima. Sasa nieleze, Mwatumu. Siku mliyokaa na wenzako kwenye viyoyozi mkitengeneza hicho kitu chenu cha kuogopa moto, mimi uliniweka wapi?"

Mwatumu alifungua mdomo. Angeweza kusema juu ya jopo, juu ya haraka, juu ya homa. Yote yalikuwa kweli na hakuna lililokuwa jibu.

"Sikukuweka, Mama," akasema. "Nilikusahau."

Bi Mwanamvua akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa bei aliyoitarajia. Akalishika sufuria kwa ncha za kanga, akalipindua. Maji yakamwagika uani kwa kishindo, na moto ukazimika kwa moshi mwingi.

"Wengine je?" akauliza. "Fatu wa Kwakibuyu ana mzazi. Mama Hoza anao wawili."

"Ndiyo maana nimekufuata."

*

Shekalaghe alikuwa mlangoni mwa redio walipofika. Alimwamkia Bi Mwanamvua kwa adabu zote, kisha akashindwa kujizuia.

"Mama, samahani. Binti yako ana ufunguo hapo mkononi. Angeugeuza tu, maganda yote yangefunga, na usingekuja kujidhalilisha mbele ya bonde."

"Na kinga ya wajukuu?"

"Ingeondoka," akakiri.

Bi Mwanamvua alimtazama Mwatumu kwa muda. Akaingia, akakataa kiti, akakisogelea kipaza sauti kwa karibu mno mpaka fundi akamwomba arudi nyuma kidogo.

"Mimi ni Mwanamvua binti Kaoneka," alisema. "Mnanijua. Asubuhi ya leo nimemkanda mwanangu Salha kwa mikono yangu hii, na sasa hivi amelazwa kwenye barafu, moyo wake unasitasita. Sindano ya tumboni haitaki moto. Mzazi aliyepigwa sindano hiyo asikandwe. Asifungwe mkaja wa moto, asitiliwe makaa chini ya kitanda. Aliyekwisha kukandwa leo na anaona kizunguzungu, mwekeni kitu cha baridi tumboni, mumkimbize zahanati. Ndiyo, nimesema baridi. Sikutegemea kufa nimelisema neno hilo. Fatu, najua sufuria lako liko jikoni. Literemshe. Mama Hoza, wewe mbishi, teremsha. Aliyepigwa sindano ya bega hana neno, akandwe kama kawaida yetu."

Simu ya studio ikalia. Fundi akaifungulia hewani kabla hajafikiri.

"Bi Mwanamvua?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, yenye mashaka. "Fatu hapa. Wamekulazimisha hao watu wa taasisi?"

"Tangu lini mtu akanilazimisha mimi? Umeteremsha?"

Sufuria likasikika likikwaruza mafiga.

"Nateremsha."

"Mwaga, nisikie."

Na bonde zima likasikia maji yakimwagwa kwenye udongo. Mwatumu alisimama dirishani. Moshi ulikuwa umetapakaa juu ya mapaa kila upande, na alitazama nguzo zake zikikatika, moja huku, nyingine kule, nyingine ng'ambo ya mto. Alilia bila kujificha. Bi Mwanamvua aliendelea kutaja majina ya wanawake wake mmoja mmoja, mpaka wa mwisho.

*

Walipoingia zahanati jua lilikuwa limegusa milima. Moyo wa Salha ulikuwa mzito lakini umeshika mwendo, na meno yalikuwa yakimgongana kwa baridi. Nesi Kilango alisema barafu imefanya kazi. Alisema pia wazazi wanne wameletwa, wote wanapumua, mmoja ameletwa na mama mkwe aliyembebesha ndoo ya maji ya mtungi tumboni njia nzima.

Bi Mwanamvua alibaki karibu na mlango, mikono ndani ya kanga.

"Mama," Salha akaita. "Mbona uko mbali?"

"Nakuangalia tu, mwanangu."

"Njoo unishike."

Bi Mwanamvua akaenda kwanza bombani. Alinawa mikono kwa maji ya baridi, akanawa tena, akaiacha chini ya bomba mpaka vidole vikafa ganzi. Ndipo akaja akaushika mkono wa bintiye, akamlaza mtoto kifuani kwake, juu kabisa, mbali na barafu.

Simu ya Mwatumu ikatetemeka. Ilikuwa Shekalaghe. Aliongea kifupi. Kijiji cha Kwemhosi, mwanamke anaitwa Zuhura, mke wa seremala Kidee. Mkandaji wake alikuwa na shughuli ya harusi jioni, kwa hiyo alimkanda mapema, baada tu ya Adhuhuri. Waliposikia tangazo alikuwa amelala, wakadhani anapumzika. Walipomgusa alikuwa ameshakata roho.

"Alikuwa hai nilipokwambia ugeuze," Shekalaghe alisema. Hakulisema kwa ukali. "Kesho nitatuma ujumbe wa taasisi. Tutasema ni matatizo ya uzazi. Pumzika."

Mwatumu aliishusha simu. Mama yake alikuwa amesikia. Wenye simu za zama zile walisahau kwamba chumba kidogo hakina siri.

"Utakwenda mwenyewe," Bi Mwanamvua alisema. "Leo, si kesho."

"Nitawaeleza, Mama. Nitawaeleza jinsi ganda linavyo..."

"Ganda la nini? Mtu kafiwa na mkewe, unampelekea habari za samli?" Hakupandisha sauti, kwa ajili ya mtoto. "Mficha maradhi, kilio humuumbua. Waambie ulikuwa na ufunguo, ukauacha. Waambie na sababu yake. Wakikupa mkeka, kaa. Wasipokupa, simama."

"Utanisindikiza?"

"Nitakuja kumwosha marehemu, wakinikubali. Lakini sitakusemea."

Kwemhosi walikuta uani kumejaa watu na hakuna jiko linalowaka. Wanaume waliokaa kwenye mkeka walinyamaza walipoiona nembo ya taasisi kifuani mwa Mwatumu. Katikati yao alikaa kijana mwenye vumbi la mbao kwenye nywele, amempakata mtoto mchanga kwa namna ya mtu ambaye hajafundishwa, kichwa cha mtoto kikimponyoka kila mara. Bi Mwanamvua akapita kando, akamtengenezea mkono chini ya shingo ya mtoto, akaingia ndani kwa wanawake. Hakuna aliyemzuia.

Mwatumu alibaki peke yake mbele ya mkeka. Alingoja kidogo kuona kama atakaribishwa. Hakukaribishwa.

"Naitwa Mwatumu Semhina," alisema. "Leo alasiri nilikuwa na ufunguo ambao ungemwokoa mkeo, na sikuugeuza."

Kidee akainua macho. Wanaume wakasogea kumpisha mfiwa, ili aweze kusimama.